Kata Simu, Mama

Laini ni moja tu nyumbani kwa mama,
kule Kuusamo, theluji imefika kingo za madirisha,
kwa hiyo kila nikimweleza hatua moja
tunaagana kama watu wa safari:
kata simu, mama, ujaribu,
ikigoma nipigie.
Inagoma. Ananipigia.

Mashine ya baba ilikufa wiki sita baada yake,
moshi mwembamba, harufu ya plastiki, basi.
Imebaki Makintoshi yangu ya chuo,
rangi ya maziwa yaliyochacha,
isiyojua hata neno moja la ile programu ya maandishi ya kijani
ambayo baba, miaka kumi na mmoja,
alipelekea vipimo vya theluji kila jioni.
Diski zake za akiba zipo. Mwandiko wake wa penseli upo juu yake.

Ndiyo maana nikamtumia mama kompyuta ya kujifanya.
Ukiifungua, ndani ya kioo kinazaliwa kioo kingine,
kinahesabu kumbukumbu ya kuazima,
kinasoma diski ambayo ni faili tu,
kinajiamini
kama mtoto ndani ya viatu vya baba yake.
Mama alilielewa hilo upesi kuliko mimi.
"Ni mgeni," alisema, "na hajui kwamba ni mgeni."

Sasa mgeni anataka modemu.
Modemu ipo, juu ya kabati, kando ya glavu za baba.
Mwenyeji akiiita, inaitika.
Mgeni akiiita, ATZ,
anajibiwa na kimya cha bomba lililoganda.

Nikamwambia: fungua mipangilio, tafuta COM1,
ielekeze kwenye tundu lenye picha ya simu.
Kata.
"Nimeielekeza. Imenuna."
Nikasema punguza mwendo, iwe elfu tisa na mia sita.
Kata.
"Sasa imenuna polepole."
Labda waya. Akauchomoa, akaupuliza, akaurudisha.
Kata. Kata.
Katikati ya kukata na kupigiana
tuliongea mengine: supu ya samaki,
Vieno wa ng'ambo ya ziwa amevunja nyonga,
na kwamba yeye bado anatandika kitanda pande zote mbili.
Sikujua la kusema kuhusu kitanda.
Nikasema, mama, jaribu COM2.

Kituo hupokea mpaka saa nne usiku.
Saa tatu na nusu akataja, kama mtu anayetaja mawingu,
kwamba juu ya kioo, pembeni, kuna kikaratasi kidogo kinapepesa.
Faksi!
Mimi ndiye niliyeiwasha, miaka minne iliyopita,
nikisubiri barua ya kazi ambayo haikuja.
Kila mashine ikiamka, nayo huamka,
hukaa mlangoni ikalikumbatia tundu,
ikingoja simu ya mtu asiyepiga.
Fahali wawili, zizi moja.
"Izime, mama. Mwenyeji aachie."
"Miaka minne," alisema,
"na hakuna aliyeiambia kwamba yamekwisha."
Akakata kabla sijasema kata.

Saa nne kasorobo. Hakupiga.
Saa nne kasoro dakika kumi.
Nikapiga mimi.

Tuu. Tuu. Tuu.
Laini ina mtu.

Nilisimama jikoni, Turku, soksi mguu mmoja,
nikiusikiliza mlio ambao watu wote huuchukia.
Kwa hiyo kule mgeni anakoroma, anapiga mluzi,
anasalimiana na mashine ya kituo,
na mama, kwa kidole kimoja, anachapa
sentimita themanini na tatu.
Na kwenye nafasi ya mpimaji,
pale ambapo jina la baba hujitokeza lenyewe,
sijui alifanya nini. Sijamuuliza.

Nikapiga tena. Laini ina mtu.
Nikapiga tena, bila shida yoyote,
ili niambiwe tu.